Mate ya Baraka

Celina alikuwa na uhakika kwamba ule upele ulitoka mjini. Kwa maoni yake, kila kitu kibaya kilichowahi kufika Manyatta kilitoka Embu mjini: mafua, nywele za bandia, na vijana wa kuuza sufuria zisizoshika ugali. Kwa hiyo siku alipoona vipele vyekundu vimeuzunguka mdomo wa mjukuu wake na kupanda mashavuni hadi karibu na jicho, hakujisumbua kufikiri. Alimpigia simu Gladys, mke wa mwanawe, hapo hapo, jembe likiwa bado mkononi.

"Mama Rwamba, umempaka nini huyu mtoto?"

"Mafuta yale yale, Mami. Kwani kuna nini?"

"Uso umeiva kama kahawa ya Novemba! Mimi nilikuachia mtoto mzuri, wewe unaniletea kahawa!"

Ukweli ni kwamba Gladys ndiye aliyemwachia yeye. Gladys aliuza misumari na rangi katika duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, na mumewe Njagi alikuwa safarini na lori siku nyingi kuliko alizokuwa nyumbani. Kila Jumatatu asubuhi Gladys alimleta mtoto kwa nyanya yake, na kila Ijumaa jioni akaja kumchukua.

Mtoto alikuwa na miaka miwili, na jina lake Rwamba lilikuwa la Celina mwenyewe, lile alilozaliwa nalo kabla padri hajamwongezea la pili. Ndivyo Waembu wanavyofanya: binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na nyanya akawa amezaliwa upya. Kwa mzaha huo Celina alimwita Gladys "mama yangu", na Gladys, siku akiwa na moyo mweupe, alimwita yeye "mtoto wangu mkaidi".

Kwa hiyo uso uliotoka upele ulikuwa uso wa Celina. Hivyo ndivyo alivyoona yeye. "Watu wakimwona huyu wameniona mimi," aliwaambia majirani, "na mimi sijawahi kutoka hata chunusi moja." Alikuwa amejaa chunusi ujana wake wote, lakini waliokumbuka walikuwa wamekufa.

Upele ulikuwa na ratiba. Jumatatu mtoto alikuja msafi kama yai. Jumatano mashavu yalikuwa yamewaka, Alhamisi anajikuna na kulia. Jumamosi, akiwa kwa mama yake, ngozi ilianza kukauka, na kufika Jumapili jioni alikuwa yai tena. Mambo yalikwenda hivyo wiki tano. Celina alimaliza darasa la saba na hesabu ndiyo iliyokuwa somo lake, lakini hesabu hii ilimshinda kabisa, labda kwa sababu jibu lake lilikuwa limesimama jikoni kwake limevaa aprona.

Alipiga marufuku sabuni ya Gladys. Akapiga marufuku vile vitambaa vyenye maji vya pakiti. Akamnyima mtoto parachichi, akamnyima mayai, akampaka utomvu wa shubiri mpaka mtoto akawa anakimbia akiona jani lolote la kijani. Akamfukuza paka. Paka akarudi Jumanne, upele ukarudi Jumatano, na Celina akatangaza kwamba yeye alishasema ni paka.

Jambo moja tu hakulipiga marufuku, nalo ni baraka.

Kila asubuhi, baada ya chai, Celina alisema anaenda kumwangalia ng'ombe. Ng'ombe alikuwa mzima. Nyuma ya zizi Celina alichomoa kikopo kidogo mfukoni, akagonga kifuniko mara mbili, akachota ugoro kwa ncha za vidole: tundu moja la pua, tundu la pili, halafu kidogo chini ya mdomo wa chini. Ugoro huo ulisagwa na mzee Salesio, jirani yake, tumbaku kali iliyochanganywa na magadi, na ulikuwa siri. Miaka miwili nyuma Celina alikuwa amesimama mbele ya akina mama wa kanisa akashuhudia kwamba ameacha tumbaku kabisa. Walipiga makofi, wakamzawadia chupa ya chai yenye maua. Chai ya asubuhi, ile ya kabla ya kwenda kwa ng'ombe, ilitoka kwenye chupa hiyo hiyo.

Akirudi, alimshika wajina wake uso kwa mikono miwili, akamtemea mate mepesi shavu hili na shavu lile, thuu, thuu, akayasugua kwa vidole gumba. "Ukue. Uzae. Ukae kwa watu na watu wakae kwako." Ndivyo nyanya yake mwenyewe alivyombariki. Na kwa vile mtoto alionekana kuandamwa na jambo baya, Celina aliona heri kuongeza. Wiki ya kwanza alimbariki mara moja kwa siku. Kufika wiki ya tano walikuwa wanabarikiana asubuhi, mchana na jioni.

Ijumaa ile Gladys alimtazama binti yake kwa muda, asipige kelele. Hilo ndilo lililomtisha Celina.

"Mami, wiki ijayo upele ukitoka tena, nitampeleka kwa mama mmoja pale mjini anayelea watoto. Ana kumi na wawili, lakini ni msafi."

"Kumi na wawili! Huyo analea au anafuga?"

"Nimesema tu, Mami."

Celina alicheka, lakini walipoondoka aliona viatu vya mtoto vimesahaulika mlangoni, vidogo, kimoja kimepinduka. Akaketi kwenye kigoda akavitazama. Mumewe alikwisha kufa, Njagi hakupiga simu ila gari likiharibika, na ng'ombe hakuwa mtu wa maneno mengi. Huyu mtoto akiondoka, nani atakula naye kiazi kitamu kutoka sahani moja?

Wiki iliyofuata alimbariki kwa bidii zote. Jumatano jicho moja lilikuwa limevimba, na Alhamisi Gladys aliomba ruhusa kazini, wakaenda zahanati wote watatu.

Chumba cha daktari kilikuwa na mlango usiofungika, na kwenye benchi la nje, karibu kabisa na mlango, akisubiri sindano ya goti, aliketi Gacheri, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Celina alimsalimia kwa sauti ya mtu asiye na dhambi.

Daktari aliitwa Marete, kijana mpole kutoka Meru. Aliuliza juu ya maziwa, sabuni, matandiko. Celina alijibu yote, hata aliyoulizwa Gladys.

"Na kuna kitu kinachomgusa usoni kila siku?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa, cucu?" aliuliza, kama wajukuu wanavyowaita nyanya zao.

"Daktari, mimi nimelea watoto watano. Hakuna."

Marete akainama kwa mtoto. "Rwamba, hebu nionyeshe. Cucu anakufanya nini usoni?"

Mtoto alikuwa mtu wa kupenda kazi. Akashuka mapajani kwa mama yake, akasimama katikati ya chumba. Akatia mkono kwenye mfuko asiokuwa nao, akatoa kitu kisichoonekana, akakigonga mara mbili. Akachota kwa vidole viwili. Pua ya kulia, pua ya kushoto. Akavuta mdomo wa chini, akatia kidogo. Akapiga chafya kubwa ya kizee. Kisha akageuka akachungulia mlangoni kuona kama kuna mtu, na hapo ndipo Celina alipotamani sakafu ipasuke. Mwisho alimwendea daktari, akamshika uso kwa mikono miwili, akamtemea, thuu, thuu, akamsugua mashavu.

Halafu sauti ya Gacheri ikatoka kwenye benchi:

"Na ile chupa ya chai?"

Marete alijipangusa polepole kwa pamba. "Cucu, huo ugoro una magadi?"

"Kidogo."

"Magadi na tumbaku, mara ngapi kwa siku?"

"Mara tatu," alisema Celina. "Nilikuwa nambariki."

"Hata mimi ungenibariki hivyo ningechubuka." Akawaambia wamwoshe kwa maji matupu, wampake mafuta yasiyo na marashi, wamrudishe uvimbe wa jicho usipopungua kufikia kesho, na mtu mwenye ugoro mikononi asimguse. Gladys alimbeba mtoto akaenda naye mjini siku hiyo hiyo, bila kungoja Ijumaa.

Celina alitupa kikopo chooni. Jumamosi alisimama pale chooni akitazama chini kwa muda ambao haumfai mtu mzima. Jumapili alirudisha chupa ya chai kanisani mwenyewe, na Gacheri aliipokea bila kumhurumia.

Jumatatu alikuwa langoni kabla ng'ombe hajakamuliwa. Hakujua kama watakuja. Walikuja. Mtoto alikuwa mgongoni, uso umekauka, jicho limefunguka, lakini Gladys hakuifungua leso aliyombebea.

"Celina Rwamba," alisema, "toa mikono."

Celina akaitoa kama mtoto wa shule kwenye gwaride. Gladys akainusa. "Fungua mdomo." Akafungua. "Kikopo kiko wapi?"

"Chooni."

"Na kile kingine?"

Angeweza kusema hakuna. Neno lilikuwa tayari ulimini. Akamtazama mtoto, akaingia ghalani, akachimbua ndani ya gunia la mahindi, akarudi na kikopo cha pili. Gladys alikitia mkobani, akafunga zipu, ndipo akaifungua leso.

"Mate matupu," alisema. "Kifuani, juu ya nguo. Uso ni wangu."

"Ndiyo, mama yangu."

Celina akainama kumbariki wajina wake. Thuu. Hakukutoka kitu, siku nne bila ugoro zilikuwa zimemkausha kinywa. Akajaribu tena. Thuu. Mtoto alimtazama kwa huruma, akamshika uso kwa mikono yake miwili, akamtemea mate mengi yenye uji shavu hili na shavu lile, akayasugua vizuri mpaka masikioni.

Celina alifumba macho akapokea.