Viatu vya Ata na Siku ya Unyakuo

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, mtaa wetu wa Kanamkemer, mjini Lodwar, uligawanyika vipande viwili, na uchaguzi ulikuwa bado mbali. Waliogombana walikuwa walokole. Mchungaji Ekai, ambaye mama alisali katika kanisa lake la mabati, alifundisha kwamba Yesu atawanyakua watu wake kabla ya dhiki kuu. Mwinjilisti Lokol, wa ng'ambo ya laga, ule mto wetu wa mchanga, alisema la, ni baada ya dhiki, kwanza tutaionja. Watu waliokuwa wakiombana chumvi wakaacha kusalimiana. Mimi nilikuwa na msimamo wangu: nilimwamini Mchungaji Ekai, maana sauti yake ilikuwa kubwa zaidi.

Mwishowe wakakubaliana kufanya mdahalo, Jumapili alasiri, uwanjani mwa kanisa letu. Siku hiyo Ata, yaani nyanya yangu mzaa mama, alikuwa kwetu na mbuzi wake kumi na wanne. Ata hakujua Kiswahili, wala hakuwa ameokoka. Alikuwa amuron: alirusha viatu vyake vya akala hewani, akatazama jinsi vilivyoanguka, akasema yatakayokuja. Mama aliona haya sana kwa hilo. Lakini Ata alitaka kusikia mdahalo, akaniketisha karibu naye nimtafsirie.

Hapo ndipo nilipoyavuruga mambo. Sikujua "dhiki" inaitwaje kwa Kiturkana. Nikafikiri kidogo, nikasema akamu, kiangazi. Dhiki kuu ikawa kiangazi kikubwa. "Kunyakua" nalo likanishinda, nikatumia neno tunalotumia wavamizi wanapokuja kuchukua mifugo. Kwa hiyo Ata alisikia wanaume wawili wenye tai wakibishana kama mvamizi fulani mkubwa atafika kabla ya kiangazi au baada yake. Alisikiliza kwa makini kuliko sisi sote. Kwa mwenye mbuzi, lilikuwa swali la maana.

Akainua mkono. "Waulize, anachukua watu ama mbuzi?"

Nikauliza. Watu walicheka mpaka wengine wakaanguka na viti vyao.

"Ni watu tu," Mchungaji Ekai alisema akipangusa machozi. "Ambia nyanya yako mbuzi inabaki."

Nikamwambia. Ata hakucheka. "Wanabaki na nani?"

"Anauliza, itabaki na nani?"

Mchungaji alifungua Biblia, akaifunga. Mwinjilisti Lokol akakohoa. Tangu hapo nimeketi na wahubiri wengi, wenye digrii na wasio nazo, na bado sijasikia yeyote akilijibu swali hilo.

Jioni ile mama alimkabili Ata nje ya nyumba. Mkutano wa injili ulikuwa unakaribia, na kanisa lilihitaji mbuzi wa kulisha wageni.

"Mama, toa hata kumi," alisema. "Sisi tunaenda kabla ya dhiki. Unawawekea nani?"

Ata alivua viatu, akavirusha. Vikaanguka sambamba, ncha zikielekea magharibi, upande wa milima ya Loima.

"Kiangazi kinakuja," alisema. "Nahama kesho. Nipe huyu mtoto anisaidie kuswaga, shule imefungwa."

Mama akavikemea viatu kwa jina la Yesu, vyote viwili. Ata akangoja amalize, akarudia ombi lake. Nikapewa. Mama yangu, pamoja na wokovu wake wote, hakuweza kumnyima mama yake kitu alichokiomba mara mbili.

Tulitembea siku mbili hadi karibu na Lorugum, mahali penye majani kidogo na kisima cha kuchimba mchangani. Siku za kwanza nilifurahi. Kisha nikaanza kupiga hesabu ya mambo. Mama ameokoka. Mimi nimefuata viatu vya amuron. Parapanda ikilia leo, mama ataondoka, na mimi nitabaki hapa. Hapo nikapata jibu la swali la Ata: mbuzi wangebaki na mimi! Niliogopa, nasema kweli, kuliko nilivyowahi kuogopa fisi.

Kila asubuhi nilikimbilia barabarani kusimamisha bodaboda zilizotoka Lodwar.

"Ejok," niliwasalimu. "Watu wa Kanamkemer wako?"

"Wako," waendeshaji walinijibu. "Kwani wataenda wapi?"

Nikirudi na habari hiyo niliweza kula.

Wiki zikapita bila tone la mvua. Halafu zikapita siku tatu bila pikipiki hata moja, na ya tatu nikajua imekwisha. Nililia mpaka kwikwi zikanishika. Ata akaniuliza kulikoni, nikamweleza yote, nikaungama hata lile la akamu, kwamba huenda nilimtafsiria vibaya.

"Ungesema nini kingine?" aliuliza. Hakuwa na hasira hata kidogo.

Akavua viatu, akavirusha. Kimoja kikalala juu ya kingine.

"Kuna mtu anakuja. Anatoka jua linakochomoza."

Mashariki! Nililijua andiko la umeme utokao mashariki, Mchungaji Ekai alilipenda sana.

"Ni Yesu?"

"Kiatu hakisemi jina."

Asubuhi yake niliamka mapema, nikanawa uso, shingo na miguu kwa maji ya mbuzi, nikagombezwa kwa haki. Nilikuwa nimejiandaa. Saa nne hivi, mtu akatokea barabarani kutoka upande wa Lodwar, akichechemea, leso imejaa vumbi, mfuko mkononi. Alikuwa mama. Petroli ilikuwa imeadimika mjini, akapanda lori lililoharibika njiani, akamalizia kwa miguu. Mfukoni mlikuwa na sare yangu, kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa.

Nilimkimbilia nikamshika kiuno. "Hukunyakuliwa?"

Alicheka, midomo imepasuka kwa kiu. Kanamkemer, alisema, mifugo imeanza kufa, na mbuzi waliochinjwa kwenye mkutano sasa wanaliliwa na wenyewe. Ata hakusema "nilikuambia." Alimkamulia maziwa, na mama akayanywa bila kukemea chochote.

"Nilifikiri utaniacha," nikasema.

Mama aliweka kibuyu chini. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Niende bila wewe? Kila siku nilikuwa naambia Bwana, ukikuja, upitie Lorugum kwanza. Mtoto yangu iko huko."

Sasa kazi yangu ni kutafsiri. Naifanya Kakuma, makanisani mwa watu waliokimbia Kongo na Sudan Kusini, na ubishi ni ule ule, kabla ama baada, ila wao wana lugha nyingi zaidi za kubishania. Mara nyingi hunigeukia, mtafsiri, niseme mimi nasimama wapi. Nawaambia nasubiri kama wao. Saa siijui, na wala hainisumbui. Ila namjua mwanamke mmoja aliyemwelekeza Bwana njia ya kupitia, na nina hakika alisikizwa.