Kiti cha Wauza Ndagala wa Bwiza

Kiti chenyewe kilikuwa cha plastiki. Aliyekikalia ndiye aliyekuwa rais wa wauza ndagala wa soko la Bwiza: alishika ufunguo wa stoo, na aliamua meza ya nani ikae mlangoni, ambapo dagaa hao huisha kabla ya jua kupanda. Geneviève alikipata kwa kujua kupatana na madereva wa malori, na hakuwa na haraka ya kukiachia.

Shule hakusoma sana. Uongozi alijifunza kwa waliotawala nchi, maana wameacha mifano mingi na hawadai karo. Rwagasore alipigwa risasi akila hotelini usiku. Geneviève alikula kwake, mapema. Micombero aliangushwa na mtu wa kwao; Geneviève hakuweka ndugu katika kamati. Bagaza alikwenda mkutanoni Kanada, huku nyuma kiti kikapata mwenyewe mwingine; Geneviève hakuvuka hata mto Rusizi, ingawa mama yake mzazi alikuwa Uvira, ng'ambo ya mpaka.

Mwaka 2002 shirika moja la wazungu likamwalika Nairobi kwa semina ya wiki nzima. Semina ya uongozi.

"Mi siendi," alimwambia Dorothée, jirani yake wa meza, mjane mpole ambaye kikombe chake cha kupimia kilijaa kweli.

"We mama prezida, batu banalilia ndege, we unaikataa?"

"Nikipanda, Herménégilde anakaa hapa kabla kiti hakijapoa."

Herménégilde alikuwa makamu wake, mwanamume pekee wa chama, mwenye tai na hotuba.

"Si upande naye? Mutu amefungwa mukanda pembeni yako, atakupindua na nini? Na kijiko?"

Geneviève aliona biashara hapo. Alikwenda shirikani, akabishana asubuhi nzima, akatoka na nafasi mbili. Ufunguo akamwachia Dorothée, ambaye aliupokea kama mtu aliyepewa kazi ya kuosha masufuria.

Wiki hiyo vita vikafunga barabara ya Gatumba, iliyoleta ndagala sokoni. Malori hayakuja, meza zikabaki tupu, akina mama wakaanza kuangaliana. Dorothée akabeba kreti ya bia hadi kwenye kizuizi cha wanajeshi barabarani, akazungumza na afisa kwa Kirundi cha heshima, na jioni akarudi na lori moja la ndagala, nyuma ya msafara wa jeshi.

Geneviève aliporudi, begi bado mkononi, alimkuta Dorothée kwenye kiti. Akina mama wote walikuwa wakichambua ndagala kwa bidii ya ajabu.

"Karibu, mama," Dorothée alisema bila kuinuka. "Semina ilikuwa nzuri?"

"Walitufundisha kupokezana madaraka."

"Imana ishimwe," Dorothée alimsifu Mungu.

Herménégilde alifungua kinywa kuanza hotuba. Geneviève alimkanyaga mguu. Kupiga kelele kusingemrudishia kiti. Kungemnyima na meza. Akavuta gunia, akakaa.

"Marais wetu wa zamani, siku hizi wanakaa wapi?" aliuliza.

"Si mu Seneti, mpaka bafe?"

"Basi mi nataka meza ya mlangoni. Mpaka nife."

"Ya mlangoni apana. Ya pili."

"Ya mlangoni, na madereva nitakuletea mi. Bia yako itakwisha, madereva wananijua."

Dorothée alitazama lori lake moja.

"Sawa. Lakini utafagia zamu yako kama wengine."

"Maseneta hawafagii."

"Hapa wanafagia."

Geneviève akauliza zamu yake ni lini. Ilikuwa ni siku hiyo.