Viatu vya Muuza Miswaki

Muuza miswaki ya mti alikuwa na vidole vyembamba kama bidhaa yake, na sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Talaat, muuza tasbihi wa kibanda cha pili, hakumwamini hata chembe. Makka nzima inajua kwamba ndani ya mpaka wa Haram hakivunjwi hata kijiti; sasa miswaki yake inatoka wapi mibichi hivyo, kila siku? "Nikikushika unakata humu ndani, kibanda umekiaga," Talaat alimwambia. Yule akanusa mswaki mmoja mmoja, kama kawaida yake, akaifunga kwa uzi.

Asubuhi moja Talaat akamfuata kwa kunyatia, kokoto imemwingia kiatuni, mpaka kwenye nguzo za mpaka. Hapo jamaa akachutama, akatazama kulia na kushoto, akavua viatu. Talaat akatoka mbio, akampita, akamzibia njia. "Unaficha nini humo, mwizi wewe?"

"Changarawe, ami." Akavikung'uta taratibu, kimoja mara tatu, kingine mara tatu, kisha akapapasa ndani kwa kidole. "Mawe ya Haram hayatoki nje. Miti naikata kule ng'ambo." Akavaa, akavuka, ndipo akamtazama Talaat, ambaye kwa pupa yake alikuwa ameshasimama nje ya nguzo. "Na vyako, ami?"

"Vyangu visafi!" Talaat akafoka. Akageuka kurudi akichechemea, wala hakuthubutu kuitoa ile kokoto mpaka alipozipita nguzo na kuwa ndani tena.