Nyekundu ya Amida

Mtu akikuambia kwamba Amida Salim aliharibu keki ya harusi ya Ciku, mlete kwangu. Mimi ni Ngina, niliyekuwa nikiosha masufuria katika jiko lililoioka. Nilikuwepo, nikaona kwa macho yangu, na nimeyafungia moyoni tangu mwaka wa 1994 hadi yameniozea.

Jiko lilikuwa Ruiru, nyuma ya nyumba ya Mama Ciku, chumba chenye oveni mbili na dirisha moja. Keki za Mama Ciku zilijulikana kuanzia Juja hadi Thika. Kuoka alijua, siwezi kumsingizia. Lakini watu walichosifu ni rangi, na rangi ilikuwa kazi ya Amida.

Kila bibi harusi alileta kipande cha kitambaa cha magauni ya wasimamizi wake, kama kiganja hivi, na aisingi, ile sukari inayopakwa juu ya keki, ilipaswa kufanana nacho. Rangi zetu zilikuwa za unga, ndani ya vikopo vidogo. Amida alichota unga kwa ncha ya kijiti cha meno, akauyeyusha katika kijiko cha maji moto, akauchuja, kisha akaudondosha kwenye aisingi tone moja moja. Alipaka kidogo kwenye kisahani, akatoka nacho hadi mlangoni penye jua, akakilinganisha na kitambaa huku amekunja uso kama anayesoma barua ya mkwewe. Halafu aliachia hapo, rangi ikiwa bado imefifia.

"Ngina, hapa ndipo wajinga huongeza," alikuwa akiniambia. "Rangi hulala ndani ya sukari. Iache mpaka kesho, itaamka yenyewe."

Na iliamka kila mara. Miaka kumi na mmoja sikuona ikimsaliti.

Sasa, kwenye harusi za kwetu keki haikatwi hivi hivi. Emsii humwita mwenye keki, naye huja mbele, hupewa maikrofoni, akaitambulisha: hii kubwa ni ya wageni, hizi mbili ni za wazazi wa pande zote, hii ya juu maharusi wataiweka. Watu hupiga makofi, akina mama hupiga vigelegele. Miaka hiyo yote aliyeitwa ni Mama Ciku. Amida alisimama nyuma ya hema akishika kisu cha akiba. Hakuwa na makuu yule mama. Alitamani kitu kimoja tu, aitwe kwa jina lake mbele ya watu, kwa kazi ya mikono yake, walau mara moja.

Ciku alipochumbiwa na Bedan, Mama Ciku alisema mbele yangu, "Amida, huyu mtoto umembeba mgongoni. Keki yake utaitambulisha wewe."

Amida alinunua leso mpya siku hiyo hiyo. Nilimkuta mara mbili akiongea peke yake karibu na oveni, anajaribu maneno.

Ijumaa asubuhi, kesho yake ikiwa harusi, alichanganya pinki ya Ciku. Kitambaa kilikuwa pinki laini, ya ua la kunde changa. Aliachia pale pake pa kila mara, akafunika karai kwa kitambaa chenye maji. Ndipo akaja mtu kumwambia mjomba wake amefariki Thika, na maziko ni baada ya sala ya Ijumaa. Waislamu hawachelewi kuzika. Amida alivaa buibui akilia.

"Mama Ciku, tafadhali usiiguse," alisema mlangoni. "Narudi saa kumi nipake. Itapanda yenyewe."

"Enda salama, mama. Pole sana."

Saa sita haijafika, Mama Ciku aliingia na wifi yake kutoka Nairobi. Wifi akainua kitambaa, akacheka. "Hii ni pinki ama ni maziwa imeona pinki kwa mbali?"

Uso wa Mama Ciku ulibadilika. Nyumba ilikuwa imejaa wageni wa kumtazama. "Ngina, nipatie ile nyekundu," akaniambia. Mikono yake ilikuwa na mafuta, kifuniko kikamshinda. Mimi ndiye niliyekifungua. Nilijua. Nilikuwa nimeambiwa mara mia hapa ndipo wajinga huongeza, na bado nikafungua nikampa, kwa sababu yeye ndiye mwenye jiko na mimi ni wa masufuria. Alimwaga unga mkavu, bila maji, bila kuchuja. Akakoroga hadi ikafanana na kitambaa, akazipaka keki zote.

Amida aliporudi alisimama mbele ya meza, macho mekundu ya maziko. Keki zilikuwa zimefanana na kitambaa kabisa.

"Umeongeza," alisema.

"Si umeona imetoka poa?"

"Mama Ciku, huo unga haujayeyuka wote. Kesho itakuwa damu ya mzee. Tuikwangue, nianze upya sasa hivi."

"Ati tukwangue? Amida, unafikiria ni wewe peke yako unajua rangi?"

Amida alinitazama. Nikainamia sufuria.

Jumamosi, chini ya hema, wasimamizi wakiwa wamesimama na pinki yao laini, keki zilikaa mezani zimeiva damu ya mzee, na za chini zilikuwa zimeanza kutoa jasho jekundu kwenye kitambaa cheupe. Watu walinong'ona. Emsii, kijana mmoja anaitwa Githinji, akauliza, "Mwenye keki ako wapi?"

Mama Ciku alisimama. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja alisema, kwa sauti iliyofika hadi barabarani, "Keki ni ya Amida. Amida, kuja, mama, si nilikuahidi?"

Shukrani ya punda ni mateke. Amida alipita mbele na leso yake mpya. Nilidhani atasema ukweli, na Mungu anisamehe, niliogopa kwamba atanitaja. Alishika maikrofoni, akasema jina lake, akaitambulisha kila keki mahali pake, kama alivyofanya mazoezi. Makofi yalikuwa machache. Keki yenyewe ilikuwa chungu kwa ile rangi, na wageni walirudi kwao wana midomo myekundu, wakicheka.

Hakuchanganya rangi tena. Alianza kuuza mitumba sokoni Ruiru. Mama Ciku aliendelea kuitwa mbele, na wateja wake walipoleta vitambaa walimwambia, "Lakini usitupatie nyekundu ya Amida." Neno likatoka jikoni, likafika kwa mafundi cherehani, likafika sokoni.

Mwaka wa tisini na nane nilikuwa nimesimama naye kwenye meza yake. Msichana wa Juja, asiyemjua Amida hata kidogo, akainua sweta, akaitupa. "Sasa hii si ni ile nyekundu ya Amida? Sitaki, mathe."

Amida aliiokota, akaikunja vizuri, mkono juu ya mkono. "Chagua nyingine, mwanangu," akasema.

Mimi nilikuwa hapo kando yake. Nikainamia mitumba, kama nilivyoinamia sufuria.