Shada la Maua Mezani kwa Profesa

Naungama: wiki iliyopita nilimzika msimamizi wangu akiwa hai, siku ileile aliyopaswa kutia saini tasnifu yangu.

Hapa chuoni kwetu Doornfontein tulikuwa na hakika ya kuifunga timu ya chuo jirani katika mechi za mchujo za mpira wa magongo. Profesa, Mkenya, ni shabiki wao sugu. Kwetu Tanga, mtani huzikwa kabla ya mechi. Basi niliweka mezani kwake shada, picha yake na utepe mweusi: "Buriani, mabingwa wa jana." Nilitafakari upana wa utepe saa nzima, sikutafakari nani angeingia kwanza.

Aliingia Mama Béa, msafishaji kutoka Bukavu, asiyejua utani wetu.

"Eh, Mungu yangu! Profesa amekufa!"

Niliporudi na chai, idara nzima ilikuwa ikiimba wimbo wa maombolezo. Kwa woga, nami nikaitikia.

Mlango ukafunguka.

"Nani huyu amenizika?" akauliza Profesa.

Nikanyoosha mkono. Akausoma utepe, akacheka hadi akaketi. Nikapumua kwa mara ya kwanza tangu ubeti wa pili.

"Leta hiyo tasnifu nitie saini," akasema. "Na shada lisitupwe. Jumamosi mtalihitaji nyinyi."