Ufunguo wa Geti la Nyuma

Jumatatu nilikuwa kwenye benchi la hospitali, Vwawa, nikisubiri saa ya kuona wagonjwa. Walioketi kando yangu walikuwa mashabiki wawili wa timu yetu. Mwenzao alibanwa kifua na umati uwanjani Jumamosi, watu walipokimbia ngumi za jukwaani wakakuta geti la nyuma limefungwa kwa mnyororo.

"Uwanja mdogo, ndugu yangu," alisema mmoja. "Waongeze jukwaa kule kwenye mahindi."

"Waongeze na timu basi! Hii yetu hata benchi hili linaitosha."

Mke wa mgonjwa alikuwa ameketi mbele yao, chupa ya uji mapajani. Akauliza taratibu, "Shemeji, ufunguo wa lile geti alikuwa nao nani?"

Yule aliyetaka jukwaa akashika kamba shingoni mwake. Ufunguo ulikuwa hapo hapo.

"Mimi, shemeji; mageti tunalinda sisi mashabiki. Nilikuwa upande wa pili, naangalia mpira. Mechi ikianza tunafunga. Tukiacha wazi, watu wanaingia bure."

"Na wanaotoka, shemeji, mnawadai nini?"

Aliurudisha ufunguo ndani ya jezi na kuufunika kwa kiganja.

Nimefundisha watoto wadogo miaka mingi. Kabla ya kuwaambia wasisukumane mlangoni, mwalimu huufungua mlango kwanza.

Jukwaa na lijengwe. Lakini Jumamosi hii kuna mechi nyingine, na nilipoondoka pale hospitali ile kamba ilikuwa bado shingoni.