Broshi Yangu na Maharagi ya Mama Mukwe

Parsele yangu, kiwanja cha nyumba yangu, iko mwisho wa mji, kwenye barabara ya kupanda Kibati, juu ya mawe meusi ya volkano. Hapa Goma mwanaume wa heshima anajulikana kwa parsele safi: anavunja mawe, anasawazisha, anafagia. Mimi masomo iliniacha katikati ya segonderi, lakini kwa usafi nilikuwa dokta.

Kwenye mawe yangu kulikuwa kumeota kitu cha kijivu, kama ndevu za muzee. Juu yake, majani yenye meno kama kitana. Nikaona ni uchafu. Siku tatu nikasugua na broshi ya waya, mawe ikang'aa kama viatu vya padri. Jirani akapita: "Papa, unasugua mulima? Utauanika wapi?" Nikasema ni wivu.

Mama mukwe alinipa kopo moja ya maharagi ya mabaka mekundu. Alikuwa anapanda mbegu hiyo tangu akiwa musichana. Volkano ilifunika shamba lake, akabaki na kopo mbili. Moja aliipanda, jua likakula yote.

"Mukwe wangu, hii ndiyo ya mwisho. Ikiisha, imeisha."

"Mama, ulale usingizi," nikamujibu, kifua mbele.

Nikaleta udongo kwa chukudu, nikasukuma mpaka magurudumu ya mbao ikalia, nikaumwaga juu ya mawe yangu yenye kung'aa. Nikapanda mwezi wa tisa, kama baba yangu. Lakini mwezi wa tisa wa baba yangu ulishakufa. Huko juu mulimani tulikata miti, tukachoma makala ya kupikia. Na mvua siku hizi inachelewa, kisha inakuja yote mara moja, kama wageni wa matanga. Wiki tatu, jua tu. Halafu, ndani ya saa moja, mvua ikabeba udongo wote na mbegu ndani yake, ingine ikaingia kwenye nyufa, ingine sijui wapi. Kitu cha kuushikilia hakikuwapo. Nilikuwa nimekisugua.

Jumapili iliyofuata, kisha ya misa, mama mukwe akafika. Bibi yangu, binti yake, akaninong'oneza: "Leo utamuambia nini?"

"Nitasema maharagi imesafiri."

Mama akaangalia mawe tu. Afazali angenitukana. Akatembea polepole mpaka nyuma ya tanki ya maji, mahali nilichoka na kuacha kusugua. Tukasikia kigelegele.

Pale, ndevu na vitana vilikuwa vimekamata udongo wenye kukimbia. Na ndani yake miche ya maharagi, shingo imekunjika, inaamka.

"Hapa nani alipanda?"

"Mama, ni uvivu wangu."

Akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. "Basi uvivu wako una akili kukupita! Kule kwetu, volkano ikishapoa, ndevu hizi ndizo zinaanza. Kisha vitana, kisha miti, kama watu hawaikati. Jiwe halipokei mugeni bila mukeka, mukwe wangu. Wewe ulichoma mukeka."

Kisha miezi tatu tulivuna kopo moja, kamili. Mama akaifunga ndani ya kitenge, akaniachia kiganja kimoja.

"Hizi ni za kula. Mbegu nitakupa siku parsele yako itakuwa chafu."

Na broshi akaondoka nayo. Anasugulia masufuria.